Dawa ya Mbu Isiyofika Dagoni

Giza la mwezi linapoingia, wavuvi wa dagaa wa pwani ya Kilwa huaga nyumba zao na kwenda dago. Kambi hukitwa ufukweni au katika visiwa kama Songosongo, vibanda vikiwa vya makuti, mara nyingi vyenye paa na nusu ukuta tu. Usiku hupita baharini chini ya taa, au ufukweni kusubiri maji yajae. Usingizi huja vipande vipande, saa mbili hapa, saa moja pale, juu ya mkeka, juu ya tanga lililokunjwa, pengine ndani ya chombo chenyewe. Wanawake wanaochemsha na kuanika dagaa hukaa nje saa zilezile. Mganga wa zahanati anayempokea mvuvi mwenye homa siku kumi baada ya dago kwisha huandika malaria katika rejesta, hutoa dawa mseto, na kwa desturi humuuliza kama hulala ndani ya chandarua. Mvuvi hujibu kuwa ndiyo, nyumbani. Jibu hilo ni la kweli, na halimsaidii.

Hakuna sababu ya kukidharau chandarua. Mwaka 2013 Lindi, pamoja na Mtwara na Ruvuma, ilikuwa mikoa mitatu ya kwanza nchini kugawiwa vyandarua kwa njia ya shule, na watoto walirejea nyumbani na mfuko wa chandarua kwapani kama walivyozoea kurejea na daftari. Kazi ile iliokoa maisha. Lakini chandarua ni kinga ya mtu aliyelala, tena aliyelala mahali penye kamba nne za kukifungia. Saa za mwanzo wa usiku, kabla ya kulala, na saa zote za mtu ambaye kazi yake ni usiku, hubaki wazi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu la kisayansi la saa hizo lilitafutwa na kwa sehemu likapatikana hapahapa Tanzania. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichukua vitu vya kawaida kabisa, gunia na nyuzi za katani, wakavitia dawa iitwayo transfluthrini. Dawa hii haihitaji moto wala umeme. Hugeuka mvuke taratibu kwa joto la kawaida la hewa na kumvuruga mbu kabla hajatua mwilini. Majaribio yaliyofanywa katika vibanda vikubwa vya wavu, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba kipande kimoja cha gunia kiliendelea kufanya kazi kwa miezi. Baadaye wakaja na mapambo ya katani kwa ajili ya baa za wazi za Dar es Salaam, utepe wa kuzungushiwa upenuni mwa nyumba, viti, na hata kandambili zenye ukanda uliotiwa dawa. Kinga haikuwa kamili, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini mtu anayeijua pwani ya kusini hawezi kusoma taarifa zile bila kuliona dago mbele ya macho yake: mvuvi amekaa, miguu imeinama juu ya wavu unaoshonwa, na chini ya mguu pana kiatu kinachomfukuza mbu. Wala katani si kitu kigeni huku. Kikwetu, jirani na mji wa Lindi, palijulikana kwa mashamba ya mkonge kabla ya kujulikana kwa uwanja wa ndege.

Zaidi ya miaka kumi imepita. Kiatu hicho hakiuzwi Kilwa Masoko, hakiuzwi Nangurukuru, hakimo katika orodha ya Bohari ya Dawa.

Mahali pengine dawa hiyohiyo imesafiri mbali. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa, kwa mara ya kwanza, pendekezo la kutumia vifaa vya kufukuza mbu kwa mvuke katika kupambana na malaria, na likazipitisha bidhaa mbili za kampuni ya Kimarekani ya SC Johnson. Kiini cha bidhaa zote mbili ni transfluthrini. Ushahidi ulitoka sehemu kadhaa za dunia, na mmojawapo wa muhimu zaidi ulitoka kaunti ya Busia nchini Kenya, ambako maambukizi mapya ya malaria yalipungua kwa takribani theluthi moja katika makazi yaliyopewa kifaa. Utafiti huo haukufanywa kwa fedha za mfukoni. Shirika la Unitaid lilikuwa limeupa mpango mzima zaidi ya dola milioni 33, na kampuni yenyewe ilikuwa na maabara, wanasheria, mitambo na miaka ya kusubiri.

Si haki kuilaumu kampuni hiyo. Imefanya kile kilichopaswa kufanywa, na watoto wa Busia wamepata nafuu. Ila pendekezo la Shirika la Afya Duniani linahusu vifaa vya kutundikwa ndani ya nyumba, pamoja na chandarua, na ndivyo majaribio yalivyofanywa. Banda la dago lina upepo wa bahari unaopita kutoka upande hadi upande. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama karatasi yenye dawa iliyotundikwa ukutani mwa nyumba ya Busia ingemfaa mtu aliyeketi chini ya makuti Songosongo, na hakuna kampuni ya ng’ambo yenye sababu ya kibiashara ya kulijua hilo. Wavuvi wa dago ni wachache mno kwa soko la dunia. Kwa Hospitali ya Wilaya ya Kilwa si wachache.

Hapa ndipo hoja ya fedha inapoanza. Watu wengi hudhani kwamba mtafiti akishathibitisha kitu kinafanya kazi, bidhaa hufuata yenyewe kama mkia. Ukweli ni kwamba baada ya makala ya kisayansi huanza safari nyingine, ndefu na ya gharama kubwa zaidi. Lazima ijulikane kipimo cha dawa kinachobaki kilekile katika kiatu cha kwanza na cha elfu kumi. Lazima ipimwe kama dawa itadumu katika ghala lenye joto la Lindi na unyevu wa chumvi. Usalama kwa ngozi ya mtoto atakayekivaa kiatu cha babake nao lazima upimwe. Kuna usajili wa kiuatilifu katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kuna viwango vya TBS, kuna hataza, kuna lebo, kuna mashine. Karibu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuandikiwa makala katika jarida la kimataifa, na vyuo vikuu, kwa bahati mbaya, bado humpandisha mhadhiri cheo kwa kuhesabu makala. Mfadhili wa utafiti anaona kazi yake imekwisha. Benki inaona kazi bado haijaanza, na inataka hati ya nyumba. Katika mkondo huo wa kati ndipo vyombo vingi vya wanasayansi wa Kitanzania huzama, bila kishindo, maana hakuna anayeandika taarifa ya kitu ambacho hakikutokea.

Wakati mwingine mkondo huo huvukwa kwa hisani ya wageni. Mwaka 2011 mfuko wa Bill na Melinda Gates na Grand Challenges Canada walitoa fedha za kuendeleza mtego wa mbu wa Fredros Okumu wa Ifakara, uliotumia harufu inayofanana na ya soksi zilizovaliwa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, labda kwa sababu ya soksi. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji, na akaitumia fursa hiyo kujenga biashara. Wote wawili wanastahili heshima. Lakini nchi haiwezi kuwa na sera ya viwanda vya afya inayotegemea mtu wa London au Toronto apendezwe na wazo fulani mwaka fulani. Mgeni hutoa kwa kile anachokiona kutoka aliko, na dago halionekani kutoka huko.

Historia ya kusini ina mfano mchungu zaidi wa hali hii. Kati ya mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea katika uwanda wa Makonde, jirani kabisa na Lindi. Kirusi chake kikatambuliwa kutokana na damu ya wagonjwa wa huko, na jina lake, chikungunya, likachukuliwa kutoka Kimakonde, neno linaloeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja. Ilichukua miaka sabini kupata chanjo iliyoidhinishwa. Ilitoka kwa kampuni ya Ulaya, Valneva, ikapitishwa Marekani Novemba 2023, na soko lake la kwanza lilikuwa wasafiri wa nchi tajiri wanaokwenda kutalii katika nchi zenye mbu. Agosti 2025 Marekani ikaisimamisha leseni yake kwa hofu ya madhara. Damu ilitoka kusini, jina likatoka kusini. Uamuzi wa nani aanze kuchanjwa, na kwa bei gani, haukuwa wa kusini hata kidogo.

Tanzania haikosi vyombo vya kufanya kazi hii. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake upo Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Tangu mwaka 2019 yapo pia mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, ambako vijana hupewa vyeti na fedha. Kinachopungua ni kiasi na, zaidi ya kiasi, hatua. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana zamani kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na wengi wao, Tanzania ikiwemo, hawajaifikia. Lakini hata hicho kidogo kinachotoka huelekea zaidi kwenye ncha mbili: mwanzoni kabisa, kwa utafiti wa msingi, na mwishoni, kwa sherehe ya mshindi. Fedha ya katikati, ile ya kuchosha, ya kulipia vipimo vya uthabiti wa dawa na ada za usajili, haina mwenyewe.

Marekani, ambayo watu huidhani nchi ya mtaji binafsi mtupu, ililiona tatizo hili zamani. Mwaka 1982 Bunge lake lilipitisha sheria inayozitaka idara kubwa za serikali zitenge sehemu ya fedha zao za utafiti kwa kampuni ndogo. Kampuni hupewa kwanza fedha kidogo kuthibitisha kwamba wazo linawezekana; ikithibitisha, hupewa nyingi zaidi kulifikisha kwenye umbo la bidhaa; baada ya hapo haipewi kitu, inatakiwa ipate mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi wa kwanza ni serikali yenyewe. Asiyethibitisha huachwa katika hatua ya kwanza, kabla hajala fedha nyingi. Huo ni utaratibu ambao hata mweka hazina wa kijiji angeuelewa.

Sehemu ya mwisho, ya mnunuzi, ndiyo inayosahauliwa zaidi nchini, na mifano miwili ya vita dhidi ya mbu inaonyesha hivyo. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa teknolojia iliyotolewa na Sumitomo Chemical ya Japani. Kilipata mkopo kutoka Acumen Fund, na, jambo kubwa kuliko yote, kilikuwa na wanunuzi wa uhakika: mashirika ya kimataifa yaliyokuwa tayari kununua vyandarua kwa mamilioni. Kiwanda kikakua hadi kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Kwa upande mwingine, mwaka 2015 kilizinduliwa Kibaha kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi, kwa teknolojia ya Cuba na fedha za Watanzania. Dawa ilikuwa nzuri na mitambo ilikuwa mipya. Rais John Magufuli alipokitembelea mwaka 2017 alikuta shehena imelala bila wanunuzi wa ndani, akaagiza inunuliwe na isambazwe katika halmashauri. Kiwanda kilijengwa kabla ya kuwapo kifungu cha bajeti cha kununua kinachotengenezwa. Agizo la Rais lilifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mkataba.

Kwa hiyo fedha ya kumwezesha mtafiti kufikisha teknolojia sokoni haitoshi ikiwa ni ruzuku tu. Inapaswa kuja pamoja na ahadi ya kununua: bidhaa ikipita vipimo hivi na hivi, na bei isipozidi kiasi hiki, idadi hii itanunuliwa. Ahadi ya namna hiyo haigharimu hata senti moja iwapo bidhaa itashindwa. Ikifaulu, ndiyo inayomfanya mwenye benki aifungue kasha.

Na hapa Kilwa ina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, huiletea Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa ushuru wa huduma. Fedha hizo zina kazi nyingi: madarasa, zahanati, na madawati yasiyoisha. Hakuna anayependekeza zote ziende kwa watafiti. Lakini sehemu ndogo ya mapato yanayotoka chini ya kisiwa chenye wavuvi wa dago ingeweza kuahidiwa kununua kinga ya wavuvi hao, kwa masharti, kutoka kwa yeyote atakayeithibitisha katika mazingira yaleyale: kibanda cha makuti, upepo wa bahari, mtu aliye macho. Mji uliowahi kugonga sarafu zake wenyewe karne nyingi kabla ya benki kuu yoyote ya Afrika Mashariki hauhitaji kufundishwa maana ya kuweka rehani jina lake katika biashara.

Wapo watakaouliza kama inafaa afya kugeuzwa bidhaa. Swali ni zito, na linaulizwa kwa haki na watu waliowahi kuona dawa ikiwepo dukani na mgonjwa akifa nje ya duka. Lakini kiatu kisichotengenezwa hakimfikii maskini wala tajiri. Njia ya kumlinda maskini ni kuyaandika masharti ya bei mapema, wakati mtafiti bado anahitaji fedha ya umma, si baadaye akishapata mwekezaji. Fedha ya umma iliyotolewa bila sharti la bei ni zawadi kwa mwenye hisa. Hilo limetokea katika nchi kubwa, na hakuna kinga ya kiasili inayoizuia Tanzania.

Kuna pia deni ambalo madaktari hulijua na wanasiasa hawalijui. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani linataka iandaliwe mapema njia ya kuwapatia washiriki wa utafiti kile kilichothibitika kuwafaa. Katika bonde la Kilombero na kwingineko, watu wa kujitolea walikaa usiku kucha, miguu wazi, wakihesabu mbu wanaowajia ili ijulikane kama gunia lenye dawa linafanya kazi. Walipewa dawa za kinga na posho, na kanuni zilifuatwa. Bado gunia lenyewe hawajaliona dukani. Kamati za maadili huuliza kuhusu ridhaa, huuliza kuhusu sindano. Ni nadra kuuliza ni nani atakayelipia kitu hiki kiwe kitu.

Wahudumu wa afya wa pwani wana sehemu yao, na si ndogo. Rejesta ya zahanati ina safu ya umri, ya kijiji, ya matokeo ya kipimo. Haina safu ya kazi ya usiku. Mganga wa Somanga au Kivinje anayejua moyoni kwamba homa huongezeka kila dago linapovunjwa hana karatasi ya kulithibitisha hilo, na asiye na karatasi hasikilizwi katika kikao. Kuandika neno “dago” pembeni mwa jina la mgonjwa, kwa msimu mmoja tu, kungetoa kile ambacho kila mfadhili, kila kampuni na kila halmashauri huulizia kwanza: ni watu wangapi? Mgonjwa naye anaweza kusema bila kusubiri kuulizwa. Mvuvi anayejibu kwamba hulala ndani ya chandarua aongeze kwamba mwezi huu alilala humo usiku sita tu.

Barabara ya kusini ilipokatika Somanga mwezi Mei 2024, kwa mvua za wakati wa kimbunga Hidaya, watu walikumbushwa jinsi pwani hii inavyotengwa kirahisi na Dar es Salaam na bohari zake. Kinga iliyosokotwa kwa katani na kutiwa dawa Lindi mjini, chini ya usimamizi wa SIDO mkoa, isingehitaji kuvuka daraja lile. Makadirio ya bajeti za halmashauri huandaliwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na mganga mkuu wa wilaya ana kiti katika maandalizi hayo. Kifungu kinachohitajika kina mistari michache: idadi ya wavuvi na waanika dagaa wanaokwenda dago, vipimo ambavyo kinga yao inapaswa kuvifikia, bei ya juu inayokubalika, na tarehe ambayo ahadi ya kununua itakoma.